Maziwa yaende kwenye sufuria, sukari ibaki mezani

Mama yangu mdogo anauza chai Mwaloni, soko la samaki na dagaa pale Kirumba, Mwanza, na nilipokuwa shule kila likizo nilikuwa naenda kumsaidia. Saa tisa usiku tumeamka, saa kumi alfajiri jiko la mkaa limekolea na sufuria la lita 20 liko juu yake. Pale nilijifunza mwezi kabla sijajifunza chai. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta vizuri giza likiwa zito, kwahiyo kipindi cha mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika na sisi tunapika nusu sufuria tu, giza likirudi tunapika sufuria zima na kuna siku linapikwa la pili kabla jua halijatoka. Mpaka leo nikiona mwezi mpevu juu ya ziwa akili yangu inaenda kwenye hesabu ya sukari.

Sukari ilikuwa inapimwa kwa bakuli la plastiki la kijani lililovunjika ukingo. Bakuli nne, kama kilo mbili, zote zinamwagwa kwenye sufuria, upawa unazungushwa, basi, hiyo ndo chai ya watu wote. Anayekuja anaikuta tamu tayari. Hakuna kopo la sukari mezani, hakuna kijiko kidogo, hakuna kuulizwa. Nyumbani kwetu Igoma ilikuwa hivyohivyo, chupa inakaa mezani asubuhi na kila kitu kiko humohumo, majani, maziwa, tangawizi na sukari, mtoto na babu wanakunywa utamu uleule.

Miaka mingi sikuona shida yoyote hapo. Leo naiona, na ndo sababu ya kuandika yote haya: maziwa yapikwe na chai kwenye sufuria, sukari ikae mezani kila mtu aweke yake. Najua kuna watakaosema hilo nalo ni jambo la kuandikia makala. Kwangu ni jambo.

Nianze na maziwa maana hapo ndo raha ilipo. Majani tunayonunua dukani, zile punje nyeusi ndogondogo, yamepitishwa kwenye mashine za kuponda, kuchana na kuviringisha, ndo maana ukiyatia kwenye maji ya moto dakika mbili tu rangi imeshakolea. Iwe imetoka Mufindi, Njombe, Rungwe, au Kericho kwa majirani zetu, sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki inatengenezwa hivyo. Ni chai yenye nguvu na ina ukakasi, ule wa kukausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Ukakasi unatoka kwenye tanini, na protini ya maziwa inayoitwa kaseini inazidaka zile tanini kabla hazijaufanyia kitu ulimi wako, chai inalainika. Kwahiyo maziwa kwenye chai ya namna hii yanafanya kazi kabisa, hayajawekwa kwa urembo, na kazi hiyo yanaifanya vizuri zaidi yakipikwa pamoja na majani kwenye moto kuliko yakimwagiwa juu ya kikombe yakiwa ya baridi.

Ukienda hoteli kubwa hapa mjini ukaagiza chai ya maziwa unaletewa maji ya moto, kifuko cha majani chenye uzi, kijagi cha maziwa baridi na vipakiti vya sukari pembeni. Sukari wameipatia, maziwa wameyakosea. Maziwa baridi yanaipoza chai kabla haijaiva na unabaki na kikombe cha uvuguvugu chenye rangi ya maji ya kuoshea kikombe kingine. Waingereza wana ugomvi wao wa siku nyingi, maziwa yaanze kikombeni au chai ianze, ni haki yao, ila sisi tuna sufuria.

Na maziwa yenyewe yawe maziwa. Mama mdogo alikuwa analetewa na kijana wa baiskeli anayetokea upande wa Kisesa, dumu mbili za njano zimefungwa kwa mpira nyuma, maziwa ya ng'ombe wa kienyeji ambao wanatoa kidogo lakini yenye mafuta. Alikuwa anachovya njiti ya kiberiti, anaitoa, anaiangalia kwenye mwanga wa taa. Maziwa mazuri yanabaki yameishika njiti, yaliyotiwa maji yanateremka yote yanaiacha nyeupe kavu. Kiangazi, ng'ombe wanapokosa majani, maziwa yanapungua na maji yanaongezeka kwenye madumu ya watu, na hapo ndo niligundua kitu kuhusu sukari ambacho sikukipenda: siku ambayo maziwa ni mepesi, bakuli la kijani linaingia mara tano badala ya nne. Mteja anakunywa, anasikia utamu, anasifia chai. Sukari inafunika maziwa mabaya, inafunika majani yaliyochemshwa mara mbili, inafunika tangawizi iliyokauka. Ukitaka kujua kama chai imepikwa vizuri onja kabla haijatiwa sukari.

Maziwa yanachemka kwa namna yake. Yanakaa kimya muda mrefu mpaka unadhani moto umezimika, alafu pembeni mwa sufuria vinaanza kutokea vipovu vidogo kama shanga, utando wa malai unavimba katikati, na ukigeuka kumjibu mtu yameshamwagika kwenye mkaa na harufu ya maziwa kuungua inakaa siku nzima. Mama mdogo alikuwa hageuki. Anasimama na upawa, yakianza kupanda anachota, ananyanyua juu mpaka usawa wa kifua, anamimina, anachota tena, chai inashuka kama kamba ya rangi ya udongo, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka povu linakuwa dogo na laini. Maziwa yakichemshwa hivyo yanapungua maji na utamu wake wenyewe unajitokeza, maana maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili, laktosi, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Mtu akisema chai ya maziwa bila sukari haina ladha huwa namuuliza maziwa yako umeyachemsha kweli au umeyapasha tu? (Na kuyachemsha ni lazima kwa sababu nyingine pia, maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na brusela. Usinywe maziwa ya dumu bila kuchemka, tafadhali.)

Kuna watu maziwa yanawasumbua tumbo na hilo sio deko. Sehemu kubwa ya watu duniani wakishatoka utotoni uwezo wa kusaga laktosi unapungua. Sisi wa jamii za wafugaji wengi tunaumudu, na mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo kutoka kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo huu huku kwetu umetokana na mabadiliko ya vinasaba ambayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Yaani ng'ombe walitubadilisha kivyetu. Nikisoma hivyo namkumbuka bibi yangu na kibuyu chake cha mgando, najisikia vizuri sana.

Kabla sijaenda kwenye sukari niseme kuhusu tangawizi, maana iliniaibisha. Nilikuwa kidato cha nne, wageni wa posa ya dada wamefika, wamekaa sebuleni na suti zao, mimi ndo niko jikoni. Siku zote nilikuwa namuona mama mdogo anachemsha tangawizi kwenye maji kwanza, muda mrefu, ndo maziwa yanafuata, ila siku hiyo nilikuwa na haraka, nikaweka maziwa jikoni, yakiwa ya vuguvugu nikakwangulia humo tangawizi mbichi nyingi ili chai inoge. Baada ya dakika chache nikaona vipande vyeupe vinaelea, chini maji ya njano. Maziwa yamekatika yote, lita tatu. Mama akaingia, akaangalia sufuria, hakusema neno, akafungua pindo la khanga akanipa hela nikanunue ya pakiti dukani, nikatoka kwa mlango wa nyuma nakimbia.

Miaka mingi nilidhani maziwa ndo yalikuwa mabovu. Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa na kuyagandisha, na maji yanayochemka ndo yanakiua. Kule Guangdong, China, wanafanya hivyo makusudi, wanamwagia maziwa ya moto kiasi kwenye maji ya tangawizi mbichi, yanaganda laini, wanayala na kijiko. Kwahiyo wewe wa chai, twanga tangawizi, iache ichemke kwenye maji peke yake kama dakika kumi, ndo uweke majani na maziwa. Sijakatikiwa tena tangu nilijue hilo.

Sasa sukari.

Baba mkwe wangu anaishi Kwimba, na akija Mwanza anafikia kwetu. Ni mzee wa maneno machache, anaingia, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama kwa Kisukuma, anakaa kiti kilekile karibu na mlango, ananipa kifurushi cha matobolwa ya watoto, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Na mimi mkwe mwenye adabu naleta chai. Chai yangu ya maziwa ya kuchemka vizuri, imetiwa sukari kwenye sufuria kama nilivyofundishwa, tena kwa kuwa ni yeye naongeza kidogo. Anakunywa taratibu. Kikombe kikiisha namjazia cha pili bila kuuliza, kwa sababu kwetu kumuuliza mgeni kama ataongeza ni kama kumwambia aseme hapana. Alikuja mara tatu mwaka ule, na mara zote tatu alikunywa vikombe viwili viwili.

Kisha wifi yangu akanipigia simu ya mambo mengine kabisa, mwishoni akauliza, "Wifi, hivi baba huwa anakunywa nini akija hapo kwako?" Nikamwambia chai, kwani vipi. Akanyamaza kidogo. "Ya sukari?" Ndo nikajua kwamba hizo safari zake za mjini zilikuwa za kliniki, baba ana kisukari, na alikuwa hajamwambia hata mume wangu. Nilikaa na simu mkononi nikiwa nahesabu vikombe.

Alivyokuja tena nilipiga magoti nikamuomba radhi. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa radhi ya nini. Nikamwambia, baba ungenieleza tu. Akasema, "Ningesemaje mayu? Ilishatiwa."

Hilo neno halijanitoka. Ilishatiwa. Ndo tatizo lote hilo. Mgeni hawezi kuitoa sukari ndani ya chai, na heshima yake haimruhusu kukataa kikombe, kwahiyo anakunywa. Anayetia sukari kwenye sufuria amewaamulia wote watakaokunywa, mwenye kisukari, mama mjamzito aliyeambiwa apunguze, mtoto wa miaka mitatu, na amefanya hivyo kwa upendo kabisa, kama mimi.

Nikarudi kwenye bakuli la kijani nikapiga hesabu. Kilo mbili kwenye lita 20 ni gramu 100 kwa lita. Kikombe cha robo lita, gramu 25. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai, kwa siku nzima. Kikombe kimoja cha asubuhi kimeimaliza, na hapo andazi bado, soda ya mchana bado.

Basi nikaanza kumtafutia baba mkwe kitu cha kunywa, na huko ndo nikajikuta nazijua chai nyingine. Ya kwanza ilikuwa chai ya kijani, pakiti niliyopewa ofisini. Nikaipika kama nilivyozoea, maji yachemke sana, majani yakae, maziwa juu. Ikawa chungu, ina harufu ya majani yaliyolowekwa, na maziwa yalifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ni mti uleule wa chai yetu nyeusi, ila majani yake yamepashwa moto mapema yasigeuke weusi, hayana ule ubavu wa kubeba maziwa. Inataka maji ya kama nyuzi 80, dakika mbili tatu, majani yatolewe, isiongezwe chochote. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, bado ni moto mno kwake, kwahiyo nachemsha, nafunua, nasubiri kidogo ndo namimina. Mimi nimeipenda. Baba mkwe alionja akakirudisha kikombe mezani kwa upole.

Choya nayo, ile ya maua mekundu, ni chachu, na kwa kuwa ni chachu ukiitia maziwa yanakatika palepale kama ukiyatia limao. Hiyo kweli inadai sukari na kwa mgonjwa haifai kuanza nayo. Limao kwenye chai ya rangi ni sawa kabisa, tone mbili tu na weusi unafifia kuwa rangi ya dhahabu mbele ya macho yako, wanangu wanapenda kuangalia hilo kuliko kunywa.

Asali ndo ilileta ubishi nyumbani maana mume wangu alikuja na chupa ya asali ya Tabora akisema hii haina shida kwa baba, ni dawa. Naipenda sana asali ya Tabora, ina moshi na uchungu kidogo mwishoni, na kwenye tangawizi na limao haina mpinzani, ingawa kwenye maziwa vinagombana. Ila asali ni sukari, mwili unaihesabu kama sukari, na hata lile shirika linaihesabu kwenye zile gramu 25. Na mtoto asiyefikisha mwaka asipewe kabisa, hata ya kulambishwa kidole. Maziwa ya kopo yale mazito matamu usiyasahau pia, karibu nusu yake ni sukari, mtu anaweka alafu anaongeza vijiko viwili juu. Vidonge vya utamu bila sukari baba aliruhusiwa na daktari wake, akatumia wiki moja akasema vinamwachia ladha ya sarafu mdomoni. Kwa sisi wengine tusio na kisukari, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusivitegemee kupunguza uzito, na mi sioni sababu ya kuhangaika navyo kama naweza kupunguza kijiko.

Kilichofanya kazi kilikuwa mchaichai. Nauchuma nyuma ya nyumba, majani matano marefu yamefungwa fundo, yanachemka na tangawizi na punje mbili za iliki, majani ya chai kidogo, maziwa mazito robo tu, naivuta kwa upawa kama Mwaloni. Hakuna sukari. Mchaichai una harufu inayoudanganya mdomo kwamba utamu unakuja, na iliki inasaidia. Baba mkwe alikunywa kikombe chote. Sisi wengine tulikuwa tunakula matobolwa aliyoleta, na matobolwa ni matamu mno, ukiyala na chai isiyo na sukari kila kimoja kinakipa nafasi mwenzake. Kopo la sukari lilikuwa katikati ya meza na kijiko chake. Mume wangu akaweka viwili. Mi nusu.

Mama mdogo nilimwambia yote haya na akanipa sababu zake, na ni sababu za maana. Kopo likikaa mezani Mwaloni linaisha kabla ya saa moja, mtu analipa kikombe kimoja anaweka vijiko nane. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika bei ikapaa, yeye ndo alikuwa anapanga foleni, angeweka kopo mezani angefunga biashara. Na mvuvi aliyekaa usiku mzima kwenye mtumbwi amelowa anahitaji ile sukari, mi mwenyewe nimewaona wanavyoshika kikombe kwa mikono miwili wakitetemeka, siwezi kuwaambia habari za gramu. Kwenye biashara nimekubali ni vigumu. Nyumbani ndo sioni kisingizio.

Tulibishana miezi. Mwisho, mwezi wa saba, akanunua chupa ya pili, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake, humo anajaza chai ya maziwa ambayo haijatiwa kitu, na kopo la sukari anakaa nalo yeye chini ya meza, ukiomba anakupa. Siku ya kwanza nilienda kumsaidia kama zamani. Viliuzwa vikombe vinne vya uzi mwekundu. Viwili walinunua akina mama wanaoanika dagaa, kimoja mzee wa bodaboda aliyesema daktari amemkataza. Cha nne alikichukua mvuvi kijana, koti bado linachuruzika maji. Mama mdogo akamwambia hiyo haina sukari mwanangu, akajibu najua, akaomba kopo, akaweka vijiko sita, mama mdogo anamtazama tu, akakoroga mwenyewe taratibu mpaka ikayeyuka yote, akaonja, akaongeza nusu.